Namba Moja Iliyozidi

Kadi ya tano ilifika Jumanne saa tatu asubuhi, na mke wa Mwalimu hakutaka kuifungua peke yake. Alimpigia Inspekta simu, kisha akaiegemeza bahasha kwenye bakuli la sukari, akavuta kiti akaketi mbele yake. Inspekta alipoingia alimkuta vile vile, mikono mapajani, macho kwenye stempu.

"Wiki ya tano hii," mama akasema. "Hajaniruka hata wiki moja. Mtu aliyekufa anaandika barua, mwanangu?"

Inspekta alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache alipenda kuyatumia kuuliza, si kujibu. Alivaa glavu zake, akafungua bahasha kwa wembe, akaitoa kadi. Hakukuwa na salamu wala tarehe. Kulikuwa na namba moja kubwa na mistari miwili chini yake, tarakimu zimesimama wima kama askari gwaridani:

41,756,951. Witiri. Si tasa.
Vigawo tasa viwili: 4,187 na 9,973.
Fukara.

Kwa asiyemjua Mwalimu, hayo yangekuwa mazungumzo ya kichaa. Kwa mkewe yalikuwa ndiyo maisha. Kwa miaka arobaini, kwanza akifundisha hesabu sekondari na baadaye akiwa mstaafu, Mwalimu hakuweza kukutana na namba kubwa akaiacha ipite zake. Akiiona ubavuni mwa lori, kwenye mita ya maji au kwenye mfuko wa saruji, ataiandika kiganjani, na akifika nyumbani ataipasua mpaka aijue tabia. Ni shufwa au witiri? Ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, au ina vigawo? Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinafika kiasi gani? Visipoifikia namba yenyewe, aliiita fukara. Vikiizidi, kama vya kumi na mbili, aliiita tajiri. Vikilingana nayo sawasawa, kama vya ishirini na nane, alimwita mkewe jikoni aje aone. Kila namba ilipata kadi yake, na kabati zima la chumba cha nyuma lilijaa kadi hizo.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alisema anatoka kunyoosha miguu. Hakurudi. Siku tisa baadaye kadi ya kwanza ikaja, imetiwa posta mji wa jirani siku ya Alhamisi, kama zote zilizofuata.

Simu ya Inspekta ikatetemeka. Aliyepiga alikuwa mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Nimesikia imekuja nyingine. Sasa unangoja nini? Mtaalamu wa miandiko amekwambia kadi zote nne ni mkono wa mzee. Mtu mzima anayemwandikia mkewe kila wiki hajapotea, amehama. Pengine kapata pa kupumzikia. Saa kumi faili hiyo iwe mezani kwangu, nifunge."

Chumba kilikuwa kidogo na simu ilikuwa na sauti. Mama alisikia kila neno.

"Mkiifunga, nani atamtafuta?" akauliza. "Mimi na magoti haya?"

Inspekta aliona aibu, na kwa kuwa aliona aibu alijishughulisha na kazi. Alizitoa kadi nne za mwanzo kwenye mfuko wa ushahidi, akazipanga mezani, ile ya tano mwisho. Ile ya tatu ndiyo mama aliyoipenda kuliko zote: 73,939,133, tasa, na chini yake Mwalimu alikuwa ameandika kwamba ukiikata tarakimu moja moja kutoka kulia, kila kipande kinachobaki ni tasa pia, mpaka ibaki saba peke yake. Mama aliisoma kama barua ya mapenzi. Alisema mume wake anamwambia kwamba hata wakimkatakata, atabaki yeye yule.

Lakini Inspekta hakuwa akitazama namba. Alikuwa akitazama karatasi. Kadi nne zilikuwa zimegeuka manjano pembeni. Ya tano ilikuwa nyeupe pe.

"Zimemwishia," mama akasema haraka, kabla hajaulizwa. "Amenunua nyingine."

"Labda. Mama, akiwa na namba kama hii, alikuwa anaanzia wapi?"

"Chini kabisa. Anagawanya kwa mbili, halafu tatu, halafu tano, saba, kumi na moja. Tasa kwa tasa, hairukwi hata moja. Nikimwambia, baba, hii mbona kubwa sana, ruka kidogo, ananiambia anayeruka ndiye anayejikwaa."

"Na alikuwa anakosea?"

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu Inspekta amjue. "Siku ya harusi yetu alikuja amevaa kiatu chake kimoja na kimoja cha kaka yake. Lakini namba? Hapana. Namba hakukosea."

Inspekta akatoa simu, akafungua kikokotoo. Shuleni hesabu ilikuwa imempiga chenga miaka yote, lakini kugawanya kwa kidole kila mtu anaweza. Mbili haikuingia. Tatu ikabakiza. Tano, saba, kumi na moja. Mama alimtajia tasa zilizofuata bila kufikiri, kama mtu anayetaja majina ya wajukuu, na baada ya kila moja Inspekta alitikisa kichwa. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Thelathini na saba. Nje mtu alikuwa akipigilia bati, na kila pigo lilichelewa kidogo kufika. Arobaini na saba ikabakiza.

"Hamsini na tatu," mama akasema.

Kikokotoo kikaandika 787,867, kisha hakikuandika kitu kingine. Hapakuwa na nukta wala mkia. Inspekta aliifuta akarudia, tarakimu moja moja, na jibu likarudi lile lile. Kadi ilisema kigawo cha kwanza ni 4,187. Akaigawanya hiyo 4,187 yenyewe kwa hamsini na tatu. Ikatoka sabini na tisa kamili.

Haikuwa tasa. Namba kubwa haikuwa na vigawo tasa viwili, ilikuwa na vitatu, na mtu aliyepanda ngazi zile kutoka chini bila kuruka angekutana na hamsini na tatu mapema, kwenye hatua ya kumi na sita. Aliyeandika kadi hii hakupanda kabisa. Alichukua namba mbili alizoamini ni tasa, akazizidisha, akapata kubwa ya kupendeza. Na kama Mwalimu hakuandika kadi nyeupe, basi zile za manjano zilikuwa kadi za zamani tu, zilizokuwa mkononi mwa mtu mwingine, na zilipomwishia akalazimika kutengeneza.

Aliilaza simu kifudifudi.

"Vipi?" mama akauliza. "Tuendelee? Hamsini na tisa."

"Inatosha kwa sasa, Mama." Hakuweza kumtazama. "Niambie jambo moja. Mwalimu alikuwa na kitabu cha tasa? Orodha, mtu anaangalia tu, hagawanyi?"

"Aah, alizichukia orodha! Alisema ni mikongojo. Mwenye orodha ni Fundi Saa, rafiki yake wa Jumapili. Aliiandika marehemu baba yake kwa mkono, mpaka elfu kumi. Ndiyo mali yao. Walikuwa wanabadilishana kadi, yule anampa huyu, huyu anampa yule, kama watoto na vibandiko. Na mashine haikuruhusiwa mezani. Penseli tu."

"Alimpa ngapi?"

"Nani azihesabu? Chache. Mume wangu alikuwa mchoyo wa kadi zake." Akaliweka tena bakuli la sukari pale lilipokuwa, ingawa halikuwa limesogea. "Kwa nini unauliza, mwanangu?"

"Nikirudi nitakwambia," Inspekta akasema, na hiyo aliikusudia.

Karakana ya Fundi Saa ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani, juu ya stoo za wachuuzi. Inspekta alipanda na konstebo wake, na walipofika mlangoni wote wawili wakasimama bila kuambiana. Ukutani kulikuwa na saa zisizopungua thelathini, kubwa na ndogo, za mbao na za bati, na hakuna hata moja iliyokuwa inakwenda. Zote zilikuwa zimesimamishwa. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia nguo ya mtu ikisugua meza.

"Karibuni, Afande," Fundi akasema. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kioo cha jicho kimening'inia shingoni, na macho mekundu ya mtu aliyesahau kulala. Mbele yake hapakuwa na saa. Palikuwa na rundo la karatasi zilizojaa migawanyo ya penseli.

"Saa zako zimekufa, Fundi."

"Zinanichanganya. Nina hesabu naifanya."

"Hesabu gani?"

"Ya nyumbani tu." Akazikusanya karatasi, akazipindua.

Inspekta hakuketi. Alizungukazunguka kama mteja asiyejua anataka nini. Nyuma kulikuwa na mlango uliofungua kwenye ngazi za zege, nyembamba, zinazoshuka mpaka uani. Alichungulia. Alihesabu vidato kumi na vinne. Chini, penye mfuniko wa tangi la zamani la maji ya mvua, paliwekwa saruji mpya, imelainishwa vizuri kwa mkono wa mtu aliyezoea kazi ndogondogo.

"Ulituambia Jumapili ile Mwalimu hakufika."

"Hakufika. Nilimngoja mpaka chai ikapoa."

"Na Alhamisi unakwenda wapi?"

"Mji wa jirani, kununua vipuri. Kila Alhamisi, miaka ishirini. Muulize yeyote."

"Nimekuamini," Inspekta akasema, na kweli alimwamini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hata yeye huikanyaga kweli hapa na pale.

Orodha ilikuwa ukutani, juu ya meza, ndani ya fremu yenye kioo. Baba mtu alikuwa na mwandiko wa kuonea wivu. Tasa zilishuka safu kwa safu, wino wa bluu uliochakaa, kuanzia mbili mpaka 9,973, na chini kulia kulikuwa na jumla yake kwa wino mwekundu: 1,230. Inspekta aliitafuta kwa kidole bila kugusa kioo. Akaikuta katikati ya safu ya kati. 4,177. Kisha 4,187. Kisha 4,201.

"Kazi ya miaka kumi na moja," Fundi akasema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa na fahari na kitu kingine chini ya fahari. "Kwa kibatari. Hakuwa na cheti hata kimoja, baba yangu."

Inspekta aligeuka akaweka kadi nyeupe mezani.

"Hii umeiandika wewe."

"Mimi? Huo mwandiko wa Mwalimu."

"Mtu anayechora tarakimu kwenye nyuso za saa anaweza kuchora za mtu yeyote. Nne za kwanza alikupa mwenyewe, Jumapili zenu. Ya tano ulitengeneza. Uliziokota mbili kutoka ukutani hapo ukazizidisha."

"Afande, kila mtu anaweza kuzidisha."

"Kweli. Lakini ni mmoja tu anayeweza kukosea hivi." Alivuta kiti, akaketi sasa, ana kwa ana naye. "Katika orodha ya baba yako kuna moja iliyozidi."

Fundi hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Inspekta. Aliinama mbele taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake baada ya kungoja sana.

"Na wewe pia?" akasema. "Unaijua ni ipi?"

"Ninaijua."

"Niambie."

"Yuko wapi?"

"Niambie kwanza, Afande. Nakuomba. Nimeanza kutoka mwanzo, nagawanya moja moja, kwa mkono. Silali. Nimefika elfu tatu mia tisa na kitu. Kila ninayoipita naona kama nimekosea, narudi. Niambie ni ipi."

Konstebo mlangoni alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimpa jicho, akaendelea.

"Yuko wapi, Fundi? Kuna mwanamke ameketi mbele ya bakuli la sukari. Nipe mumewe, nikupe namba yako."

Fundi alitazama mlango wa nyuma mara moja, kisha mara ya pili, na alipoanza kusema hakumsemesha Inspekta. Aliisemesha meza.

"Alikuja. Alikunywa chai yangu. Akasema, 'Mzee wako alikuwa hodari, lakini ana moja imezidi. Nimeiona.' Nikamuuliza ni ipi. Akacheka. Akasema, 'Itafute. Nikikwambia hutaniamini, mpaka uigawanye mwenyewe.' Alikuwa mwalimu hata kwenye chai, unaona. Nikamwambia unamtukana marehemu baba yangu. Akainuka aondoke, akapita nyuma. Nikamshika koti. Nilitaka anitajie tu. Koti likaponyoka."

"Akaanguka ngazi zote?"

"Mpaka chini. Hakupiga kelele. Alilala pale, mguu umekunjika vibaya, na akaanza kuhesabu. Mbili. Tatu. Tano. Saba. Polepole, sauti safi kabisa. Tasa tupu."

"Ukashuka."

Fundi akatikisa kichwa.

"Hukushuka?"

"Nilisema moyoni, anazitaja zote. Akifika kwenye ile ya baba ataiacha. Nitaijua." Alimeza mate. "Nikasimama pale juu, nasikiliza."

Inspekta alikuwa amesikia mengi katika kazi yake, na alidhani yamemkausha. Alihisi nywele za mikono zikimsimama. Mtu alikuwa akifa vidato kumi na vinne chini, na mwenzake alikuwa juu amemtegea sikio, anangoja kosa la baba yake.

"Ulisimama muda gani?"

"Mpaka aliponyamaza."

"Alifika ngapi?"

"Mia tatu na saba." Fundi akainua macho. "Yumo kwenye tangi. Nilimfunika kwa shuka safi. Zile kadi nilizituma ili mama asiumie. Na mimi nisiulizwe, sawa, na hilo pia. Lakini saa, Afande! Nilipozifungulia kesho yake, kila moja inahesabu. Thelathini na mbili kwa pamoja, hazipatani. Nikazizima. Zilipozimika nikagundua si zenyewe."

Konstebo alishuka ngazi za mbele mbiombio kuita watu na vifaa. Inspekta alitimiza ahadi yake, ingawa mkono ulikuwa mzito. Aliweka kidole kwenye kioo cha fremu.

"Elfu nne mia moja themanini na saba. Igawanye kwa hamsini na tatu."

Fundi alichukua penseli. Aligawanya kwa mkono, taratibu, akiandika kila hatua jinsi alivyofundishwa. Alipomaliza aliandika sabini na tisa na kuipigia mstari, akaitazama.

"Siku hiyo baba alikuwa amechoka," akasema.

Saa kumi na nusu Inspekta alibisha kwa mke wa Mwalimu. Faili haikufungwa. Mkuu wa kituo alikuwa uani kwa Fundi Saa, kofia mkononi, akitazama vijana wa zimamoto wakivunja saruji. Inspekta hakungoja waimalize. Aliona heri mama asisikie habari hizi kwa jirani.

Alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno mafupi. Amepatikana. Amefariki, Jumapili ile ile. Ni rafiki yake. Kadi hakuzituma yeye.

Mama hakulia. Alishika ukingo wa meza, akauachia, akaushika tena.

"Ya tano niliijua," akasema. "Ulipoilaza simu. Ulipoondoka nikaigawanya mwenyewe nyuma ya bahasha. Nikasema pengine amezeeka. Pengine na yeye sasa anakosea." Akavuta pumzi. "Aliteseka?"

Inspekta angeweza kusema hapana. Watu husema hapana.

"Kwa muda, Mama. Alikuwa anahesabu. Tasa."

Uso wa mama ukabadilika. Haukuwa uchungu peke yake.

"Jino likimuuma alikuwa hivyo. Na nilipokuwa najifungua wa kwanza alinishika mkono tukahesabu wote, akikwama mmoja mwingine anaendelea. Tulifika mbali siku ile." Alimtazama Inspekta moja kwa moja. "Alifika ngapi?"

"Mia tatu na saba."

Mama akaketi. Alinyoosha mkono juu ya meza, kiganja juu, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Mia tatu kumi na moja," akasema. "Mia tatu kumi na tatu. Mia tatu kumi na saba."

Inspekta hakuijua iliyofuata. Alivua kofia, akabaki amesimama, na mama akaendelea.